Juzuu ya Ruwaida

Bi Samiha wa Kisauni, mshona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vinavyodariziwa kwa mkono, alikuwa na siri iliyomnyima raha: aliamini anapofuka, tena kwa kujitakia mwenyewe.

Mwaka wa 1940 jua lilipopatwa, wenzake waliingia ndani wakasali. Yeye akabaki uani na beseni la maji, akalitazama jua mle majini, limemegwa ubavuni kama mkate ulioumwa na mtoto. Raha aliyoiona siku hiyo! Lakini haukupita muda mrefu, tundu la sindano likaanza kumpotea. Akaona basi, jua limelipiza.

Mwingine angesema. Bi Samiha hakusema ng'o. Wateja wa kofia akawazungusha kwa njoo kesho, njoo kesho kutwa.

Kisha akafariki Ruwaida, shoga yake wa tangu utotoni. Kwenye hitima wanawake waligawiwa juzuu, kila mtu na yake, ili Kurani yote isomwe kwa pamoja. Bi Samiha akapewa ya tano. Kuifungua, herufi zikamvurugikia kama sisimizi waliomwagiwa maji. Aibu ikamshika. Akateremka chini chini na Amma, juzuu ya mwisho, aliyoihifadhi kwa moyo tangu chuo cha Kurani, huku akifunua kurasa kila jirani yake alipofunua. Hakuna aliyegundua. Lakini yeye alijua kwamba hitima ya shoga yake ina pengo, na pengo hilo amelitia yeye. Alirudi nyumbani akalia hata leso ikalowa.

Awadh, mtoto wa kaka yake, alikuwa mwalimu wa sayansi. Alasiri moja alipita kumjulia hali, mkononi ana kifurushi cha lenzi za kufundishia. Akamkuta shangazi yake ameunyoosha mkono hadi mwisho, anahangaika na sindano.

"Shikamoo, shangazi. Mbona sindano waipeleka Malindi?"

Utani ule ukamvunja. Akamwaga yote, ya beseni na ya hitima.

Awadh hakucheka. Akamwonyesha mnazi wa jirani, mbali kule. "Waona nini?"

"Naona kunguru. Tena ana kitu mdomoni, mwizi yule."

"Basi jua halikukuchoma. Lingekuchoma, ungeona doa katikati ya kila utazamacho, cha mbali na cha karibu. Siku ile mwezi ulipita kati yetu na jua, basi, haukuwa na ugomvi nawe. Ndani ya jicho mna lenzi, shangazi. Yako imekuwa ngumu, haijitunishi tena kukusanya mwanga wa vitu vya karibu. Ni... niwie radhi... ni uzee."

"Uzee? Uzee tu? Wallahi?"

"Wallahi."

"Alhamdulillahi!" Kisauni nzima hajapata kuonekana mwanamke aliyefurahi vile kuambiwa amezeeka.

Awadh akafungua kifurushi, akampa kioo kimoja kilichotuna katikati, cha namna ile ile inayotiwa kwenye darubini. Kitamsaidia, akasema, mpaka ampeleke mjini akapimwe miwani.

Bi Samiha hakuigusa sindano. Alitawadha, akachukua msahafu, akafungua juzuu ya tano, akakishusha kile kioo juu ya mstari wa kwanza. Herufi zikaja moja moja, kila moja na nukta zake. Machozi yakamtoka.

"Shangazi, hicho nakihitaji kesho darasani."

"Kesho yako hiyo, mwanangu. Leo ni ya Ruwaida."

Akaanza kusoma, kwa sauti safari hii, hata majirani wakamsikia.