Kambare wa Athumani

Niliondoka Korogwe kwa sababu mdogo wangu Athumani alinitumia salamu: amechimba bwawa kwetu Sindeni, anafuga kambare, na maji ya bwawa yananywesha mchicha na ngogwe. Nije tufuge wote, niache kuzunguka kambi za mkonge. Yeye mashine ya korona, ile ya kuchania mkonge, ilishamla vidole viwili. Aliapa hatarudi huko ila bwawa likimshinda. Mimi nimepita arobaini, na hakuna kambi niliyolala nisiote moshi wa jikoni kwa mama. Sikungoja kuitwa mara mbili.

Asubuhi, kando ya mto Pangani, nilinunua kambare wazima wa mbegu nikawafunga katika gunia bichi lenye majani ya mgomba. Utingo wa lori la Handeni alilitazama gunia likitikisika. "Bwana mkubwa, na hawa wamelipa nauli?" akauliza. "Naona wanapumua kuliko sisi."

Njia nzima mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa mafupi. Nilishuka Sindeni, nikashika kijia cha bondeni, gunia kichwani.

Alasiri Athumani alinionyesha mali yake. Bwawa lilikuwa pana kama ua wa nyumba mbili. Ukingoni alikuwa amekata mfereji ukashuka hadi kwenye matuta, na kwa jua lile aliuacha wazi mchana na usiku. Aligonga bakuli la pumba. Vichwa vyeusi vikaja na sharubu zao.

"Hawa wananijua, kaka," alisema.

Tukawatia na wangu. Kesho yake nilichagua mahali pa kujenga kibanda.

Siku chache baadaye mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Alfajiri Athumani aligonga bakuli, maji yakatulia. Kambare walikuwa wametoka kwa mfereji, wakapita matutani, wakatambaa hadi mashamba ya jirani. Kijiji kizima kilikuwa nje na matenga, kama tulivyofanya sote tangu utoto mvua ya kwanza inapowatembeza. Mchicha ulikuwa umekanyagwa ukawa tope.

Athumani alimfuata Bi Mwanahawa, jirani yetu. "Bibi, hao ni wangu."

"Wako? Nimewakuta kwangu wanatembea. Uliwafunga kamba?" Watu wakacheka. Bibi hakucheka. "Mwaka jana mvuani uliokota wa nani, mjukuu wangu?"

Tulikwenda kwa jumbe. Akasema kambare wa mvuani hajawahi kuwa na mwenyewe. Wakati akisema, kambare wawili walikuwa juu ya moshi barazani pake.

Wiki haikuisha tukashika njia ya kurudi Korogwe, kwa miguu. Pale njia kuu inapoanza, Bi Mwanahawa alitufikia akihema, akanipa kifurushi cha majani. "Chakula cha njiani, wanangu. Msiende na njaa." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Tulimshukuru. Nilichojifunza kwetu ni hiki: unaweza kukilisha kitu mwaka mzima na kisiwe chako mpaka jirani akubali.

Nje ya lango la shamba la mkonge tulifungua majani. Kambare wa kukaushwa, mnono kuliko wa mtoni.

Athumani alikula polepole mpaka mifupa. "Pumba hazikupotea bure," akasema, akajifuta mdomo, akaingia kuomba kazi.