Paa Lilivuja Upande wa Benki

Nilipoamua kuacha kupanga mtaa wa Bulla Pesa na kununua nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Wabera, nilikuwa nimefundisha miaka kumi na mmoja na mshahara wangu ulikuwa haujawahi kununua kitu kikubwa kuliko friji. Mkopo wa riba sikuutaka, na mama yangu, aliyekuja kutoka Merti kukaa nami, hakutaka hata kuusikia. Tukaenda benki inayofuata sharia. Afisa wao, mwanamume mpole mwenye tai na kikohozi, alitueleza kwamba benki ingenunua nyumba pamoja nami. Kila mwezi ningelipa kodi ya sehemu yao, na kidogo kidogo ningeinunua sehemu hiyo hadi nyumba iwe yangu yote.

Mama aliuliza vyumba vya benki ni vipi. Afisa akacheka, akasema sehemu yao imeenea nyumba nzima. Hakujua amesema nini.

Tangu tuhamie, Mama aliishi kama mtu anayekaa na wageni. Niliponunua rangi ya sebuleni aliniuliza kama wenzetu wamekubali. Majirani walipokuja kutusalimia, aliwaambia nyumba ni yetu pamoja na mwanamume mmoja wa tai. Ilinibidi nipite milango mitatu kueleza kwamba sijaolewa kisirisiri.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilikuja na upepo, ukalegeza mabati, na maji yakaanza kudondoka katikati ya sebule. Mimi nilikuwa shuleni nikisahihisha mitihani. Mama akatafuta kadi ya afisa, akampigia simu, akamwambia nyumba yao ina shida. Niliporudi nilimkuta afisa ameketi kwangu, tai ameikunja mfukoni isilowe, beseni miguuni, chai mkononi. Alikuwa anaeleza, kwa adabu sana, kwamba matengenezo ni ya anayeishi ndani.

"Mwanangu," Mama akamwambia, "kodi ya mwezi uliopita mlipokea?"

"Tulipokea, mama."

"Kwa hiyo jua likiwaka nyumba ni yetu sote, mvua ikinyesha ni ya msichana wangu peke yake?"

Nikaanza kumwomba radhi. Lakini afisa akaomba nakala yangu ya mkataba. Niliitoa kwenye bahasha ambayo, nakiri, sikuwahi kuifungua tangu siku ya kutia sahihi. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akihamisha kiti kila tone lilipomfikia. Karibu na mwisho akakohoa. Rangi, taa na mifereji vilikuwa juu yangu. Paa na kuta vilikuwa juu ya wenye nyumba, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake. Na mwaka ule wa kwanza, karibu nyumba yote ilikuwa yao.

Fundi alikuja baada ya wiki mbili na barua tatu. Mimi nililipia misumari na mabati mawili, benki ikalipa mengine.

Nilikuwa nimepanga kuchukua gawio langu la sacco ninunue kipande kikubwa cha sehemu ya benki kwa mkupuo, niwe huru mapema. Nilipomweleza Mama, nikidhani atafurahi, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Huu ukuta una ufa," alisema. "Ngoja kwanza wautengeneze."