Blauzi ya Mwenyekiti

Jumanne, tarehe kumi na saba Juni. Upepo ulianza kabla ya adhana ya alfajiri na haukupumzika. Baridi kavu, ile ya kupasua midomo. Bati la jikoni lilikuwa linapigapiga nikalipandishia jiwe. Likatulia, ingawa sijui kama ni jiwe au bati lilichoka lenyewe.

Naandika ya leo yakiwa bado moto, kwa sababu mke wangu ameshaanza kuyasimulia kwa majirani. Anasimulia vizuri kuliko mimi, ila katika simulizi yake mimi ni mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Au ndivyo nilivyokuwa. Nitaweka yote, ya kunitetea na ya kuniumbua.

Mke wangu ana duka la nguo hapa mjini. Miaka yote ananunua kwa watu wa jumla Dar. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ameagiza mzigo wake mwenyewe kutoka nje, kwa jina lake: nguo za juu za pamba, za kufuma, zile zinazovutika. Mikono mirefu, kola, na zipu fupi inayoanzia shingoni na kuishia kifuani. Hakuagiza kwa kubahatisha. Mbele ya duka kuna kijiwe cha bodaboda, na mwenyekiti wao alimwomba mapema kwamba baridi ikifika wanataka wote wavae sare. Mke wangu akatoa neno lake, kijiwe kizima kikisikia.

Sasa baridi imefika na mzigo bado uko bandari kavu, Dar, unasubiri nyaraka za forodha. Wiki hii vijana wameanza kuangalia jaketi zinazoning'inia kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Nisimwonee mwenye duka lile, ni jirani mwema na jaketi zake ni nzuri. Zipu zake tu ndizo hukwama. Lakini vijana wakivuka barabara, mke wangu atabaki na mzigo wa rangi moja ambao hakuna mwingine wa kuuvaa, na neno lake litakuwa limelala chini. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi, na mimi pia, maana akikosa usingizi huwa ananiamsha tujadiliane.

Asubuhi wakati wa chai alisema, "Siku nyaraka zikikubaliwa, tunachinja yule mwekundu."

Mimi nafuga kuku nyuma ya nyumba. Nikamwambia tusubiri kidogo, kwa sababu yule mwekundu sijamwelewa. Ana kilemba cha jogoo na haya ya mtetea. Hajawika, hajataga. Mtetea anayekaribia kutaga mimi sichinji.

"Miaka yote unafuga," alisema, "kuku huyo mmoja anakushinda?"

Swali lilikuwa la haki.

Saa nne hivi nilikuwa dukani. Mke wangu alikuwa anampimia mteja kitenge. Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa amekuja kujaribu ile nguo moja ya mfano iliyotangulia kwa basi, akawa amesimama nayo mbele ya kioo anageuka huku na huku. Simu yangu ikaita. Alikuwa wakala wetu wa forodha, mtoto wa mama mdogo wa mke wangu. Spika ya sikioni ya simu yangu imekufa, lazima niweke sauti ya nje. Hili naliandika kwa sababu baadaye nililaumiwa kwamba nilifanya makusudi.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Huku joto tu. Shemeji, naomba uniambie nguo ikoje. Dada nikimuuliza ananijibu ni nzuri sana, inauzika."

"Si kweli?" mke wangu aliuliza kutoka kwenye vitenge.

"Kweli dada, lakini kitabu cha ushuru hakiulizi hivyo. Hapa kwenye ankara wameandika nguo za juu. Kwenye kitabu hakuna nguo za juu. Kuna fulana, kuna shati, kuna sweta, kila moja na namba yake. Nikiweka namba siyo, mzigo unazuiwa, tunaanza kuandika barua za kujieleza. Nanyi ndio mnayo moja mkononi."

Nikavuta kiti karibu na mwenyekiti, maana nguo ilikuwa mwilini mwake. Vijana wengine wa kijiwe wakasogea mlangoni. Upepo ulikuwa unawasukuma ndani hata hivyo.

"Ina kola?"

"Ina."

"Shingoni ina uwazi wa kufunga na kufungua?"

"Ina zipu."

"Basi siyo fulana. Chini kwenye pindo kuna mpira, au kamba ya kukaza?"

Niliinama nikapapasa pindo. Mwenyekiti alisimama wima kama anayepimwa suruali. "Hakuna. Limekunjwa likashonwa."

"Mfuko chini ya kiuno?"

"Hakuna."

"Imefumwa kwa kubana, au imeachia kama wavu?"

"Imebana."

"Basi siyo sweta."

"Siyo sweta kivipi?" mwenyekiti akasema. "Mbona nasikia joto?"

"Nani huyo?"

"Ndiye aliyeivaa," nikasema.

"Mwambie joto halimo kwenye kitabu."

Mwenyekiti akaniangalia kama mimi ndiye niliyeliondoa. Mpaka hapo, hata hivyo, hakuna aliyeumia. Tulikuwa tumebaki na shati, na shati ni kitu cha heshima. Kisha wakala akauliza, "Sasa shati la kiume, au blauzi ya kike?"

Mlangoni wakacheka.

"Ya kiume," mke wangu akasema. "Andika ya kiume, ni za bodaboda hizo."

"Dada, ngoja kwanza. Wanaangalia inavyofungwa. Upande wa kushoto ukilalia wa kulia, ya kiume. Wa kulia ukilalia wa kushoto, ya kike. Shemeji, angalia."

Nikaangalia. Nikavaa miwani nikaangalia tena. Zipu haina ubavu. Pande mbili zinakutana katikati kama watu wanaopeana mikono, hakuna anayemlalia mwenzake. Nikamwambia hivyo.

"Basi tuangalie mkato. Kifuani imeachiwa nafasi ya mwanamke? Kiunoni imebanwa? Au mabega ni mapana ya kiume?"

Mke wangu akaniangalia. Jicho lile nalifahamu. Lilikuwa linasema: mapana. Lakini mimi sikuwa na hakika, na kitu ambacho sina hakika nacho kinanikaa kooni. Nikamwomba mwenyekiti avue. Nikaivaa mimi, ikanikaa. Nikamwomba mke wangu ajaribu. Akaivaa juu ya gauni kwa hasira, ili tu nione ilivyo ya kiume, ikamkaa kuliko sisi wote. Yule mteja wa vitenge akasema, "Dada, hiyo na mimi niwekee." Mwenyekiti akaivaa tena, akarudi kwenye kioo.

"Shemeji," nikasema, "kwa haki ya Mungu, inamkaa kila mtu."

"Kwa hiyo haijulikani ya nani?"

"Haijulikani."

Tukasikia vidole vyake vinagonga kompyuta. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Basi ni blauzi ya kike. Sheria inasema isiyojulikana inahesabiwa ya kike."

Vijana mlangoni wakaanza, mmoja baada ya mwingine.

"Mwenyekiti, umependeza, mama."

"Mwenyekiti, mkoba uko wapi?"

"Mwacheni dada wa watu achague."

Mwenyekiti akavua. Niseme haki yake: hakuitupa. Aliikunja vizuri, mikono ndani, akaiweka kaunta. Akamwambia mke wangu, "Mama, nakuheshimu sana. Lakini siwezi kuwavalisha vijana wangu blauzi."

"Ni ileile uliyokuwa unajitazama nayo kwenye kioo."

"Wakati ule ilikuwa haijasomwa."

Nikamuuliza wakala kama ushuru wa kike ni mdogo, angalau tupate faida upande huo.

"Ni uleule, shemeji. Kike, kiume, uleule."

"Sasa tunahangaikia nini?"

"Lazima iandikwe moja."

Mwenyekiti akatoka. Wawili kati ya wale vijana wakavuka barabara moja kwa moja hadi kwenye jaketi, wakaanza kuzijaribu zipu. Mke wangu aliwaona. Alimfungia mteja vitenge, akatoa chenji, akamuaga kwa tabasamu, kisha akakaa kwenye kiti chake akiwa ameniangalia.

"Ungesema tu ya kiume."

"Ningesemaje, na wewe umeivaa ikakukaa?"

"Ungeniambia nivue kwanza, halafu useme."

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Pengine ningeweza kusema ziliagizwa kwa ajili ya wanaume, na hilo ni kweli tupu. Lakini wakala hakuniuliza ziliagizwa kwa ajili ya nani, aliniuliza zikoje, na nguo haijui nani kaiagiza. Nikamfikiria pia aliyeandika sheria ile. Siamini alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na masanduku mawili, ikaja nguo ya tatu, na jioni ilikuwa imekaribia. Mimi pia ningeitia mahali. Nilimweleza mke wangu hivyo, nikidhani itampoza. Haikumpoza.

Alasiri upepo ukazidi. Uliinua vumbi barabarani mpaka duka la ng'ambo likawa halionekani, nadhani hilo peke yake ndilo lililotufariji. Akaja mama mmoja na kapu la vifaranga, anataka kupelekwa Mtinko. Zamu ilikuwa ya mwenyekiti. Amevaa tisheti na kizibao cha kung'aa, basi. Kwenda ni rahisi, mtu anakwenda na jua. Kurudi ndiyo shughuli, jua limeshazama na njia iko wazi pande zote.

Akaiwasha pikipiki. Akaizima. Akamwambia yule mama, "Nisubiri kidogo." Akaingia dukani bila kuwaangalia wenzake.

"Mama, naomba ile."

"Ipi?" mke wangu akasema.

"Ile."

"Humu ndani zipo nyingi."

Mwenyekiti akaangalia dari, akaniangalia mimi, ambaye sikuwa na msaada. "Ile blauzi."

Mke wangu akamkabidhi bila kucheka. Nilimwona alivyojikaza, shingo ilikuwa inamtetemeka. Mwenyekiti akaivaa, akapandisha zipu mpaka kidevuni, akavaa kizibao chake juu, akaondoka na yule mama na vifaranga.

Aliporudi, magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Nilitoka msikitini nikawakuta vijana wamekunja mikono kwapani, wamegeuzia upepo migongo. Wale wawili waliovuka barabara walikuwa wamerudi mikono mitupu, zipu zilikuwa zimekwama. Mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, ametulia, kama mtu aliyetoka kula.

"Ikoje?" mmoja akamuuliza.

"Ya kike," akasema. "Lakini upepo haujaambiwa."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyemwambia habari ya mkoba akaushika mkono wa ile nguo, akaukanda kwa vidole, akauliza mzigo unafika lini.

Wakaingia dukani wote. Mwenyekiti akasema watachukua kama walivyokubaliana, ila wana sharti moja: kwenye risiti lisiandikwe neno blauzi, maana risiti itasomwa kwenye kikao.

"Niandike fulana?" mke wangu akauliza.

"Siyo fulana," nikasema. "Ina kola."

"Shati basi."

"Shati ni la kiume, na hilo tumeshindwa kulithibitisha."

"Baba watoto," mke wangu akasema, "nenda kaangalie kuku wako."

Nilikwenda, lakini nilisimama kwanza mlangoni nikaona anachoandika. Aliandika: nguo za juu. Ndiyo ileile iliyokuwa kwenye ankara tangu mwanzo. Mwenyekiti akaisoma, akaridhika.

Tulipofika nyumbani tu, ujumbe wa wakala ukaingia: nyaraka zimekubaliwa, kesho gari linapakia. Mke wangu alisoma mara mbili akaketi kwenye ngazi ya mlango na kanga yake puani. Nikampa nafasi. Nikachukua kisu na tochi nikaenda bandani, na nikamkamata yule mwekundu bila shida, maana kwa baridi ile alikuwa amejikunyata.

Mke wangu akanifuata. "Haya. Jogoo au mtetea?"

Nikamulika kilemba. Nikamulika miguu, nikaangalia mkia. Nilitamani sana kuku aseme mwenyewe. Watoto walikuwa wameshaweka maji jikoni.

"Sema."

"Haijulikani," nikasema.

Akaanza kucheka, kile kicheko alichokizuia tangu alasiri, mpaka akashika ukuta. "Kama haijulikani, ni mtetea. Si ndiyo sheria?"

"Ndiyo."

"Basi mrudishe."

Nikamrudisha. Tumekula ugali wa uwele kwa mlenda, na dagaa waliobaki jana.