Sahani ya Mjomba Kando ya Mlango

Sogea karibu, rafiki yangu, nikusimulie habari ya chakula. Ni habari ya Injili pia, lakini itabidi tuanze na chakula, maana ndicho kilichonirudisha nyuma.

Mwezi wa saba uliopita nilishuka Muze kwenye mkutano wa kiangazi wa makusanyiko yetu. Nilishuka kwa gari, nimekaa dirishani kama mgeni, njia ile ile ambayo zamani niliishuka kwa miguu. Mahubiri ya asubuhi yalipokwisha, vijana walipita wakigawa viboksi vyeupe vya pilau. Watu wakatawanyika navyo, huyu garini, huyu chini ya turubai, huyu ameinamia simu yake. Kijana aliyenipa changu alisema, "Shikamoo mama. Siku hizi kila mtu na chake, hakuna kugombania nyama." Nikamwitikia. Nikakaa na kile kiboksi mapajani bila kukifungua. Nilikuwa nimemkumbuka mjomba.

Ngoja nikueleze taratibu, maana huenda hujui kusanyiko ni nini. Huku kwetu juu, Ufipa, watu wengi ni Wakatoliki, na kanisa lao unaliona kutoka mbali kabla hujaiona nyumba hata moja. Sisi tulikuwa wachache. Tulikuwa na chumba kirefu cha matofali mabichi, hakina kengele, hakina picha, na hatukuwa na mchungaji. Tulikuwa na wazee tu, wakulima kama wengine, na kila Jumapili tuliumega mkate mmoja na kunywa kikombe kimoja. Majirani walituita "watu wa mkate mmoja," na hawakutuita hivyo kwa ubaya. Kuna mama mmoja Mkatoliki, jirani yetu wa ukutani, aliyependa kumtania bibi yangu: "Mama, mkate mmoja watu wote hao, si mtakufa njaa?" Bibi alimjibu kwamba njaa anayoisema yeye inatibiwa kwa ugali.

Bibi huyu alimzaa mama yangu. Mama alikuwa na kazi Sumbawanga mjini, kwa hiyo nililelewa na bibi, pamoja na binamu zangu wadogo na mjomba, mdogo wake mama, kitinda mimba wa bibi. Babu alikuwa amekwisha kufa. Nyumba ilikuwa na mwanamume mmoja tu, kwa hiyo hatukufuata desturi ya wanaume kula kwao na wanawake kwao. Tulizunguka sinia moja jikoni, moshi ukitutoa machozi, ugali wa ulezi katikati, mweusi na mzito, maharage pembeni. Mjomba alikuwa na mchezo wake. Alimega tonge, akalichovya, kisha akasema, "Nani huyo mlangoni?" Sisi tukigeuka, maharage yetu yamepungua. Tulijua kila siku, na kila siku tuligeuka.

Sasa kiangazi. Ukisikia neno hilo usifikirie joto. Kwetu juu kiangazi ni baridi na upepo, nyasi zimekuwa rangi ya mbwa, na asubuhi midomo inapasuka. Lakini mavuno yamekwisha, ulezi umo vihengeni, mikono haina kazi. Ndio wakati kusanyiko lilipobeba Injili kwenda bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, Muze mwaka huu na Milepa mwaka mwingine. Wazee walikuwa na sharti moja: anayepeleka habari njema asiombe unga kwa anaowapelekea. Kwa hiyo kabla ya safari wanawake walisaga, wakachagua maharage, wakafunga chumvi kwenye vitambaa. Betri za kipaza sauti zilianikwa juani juu ya ungo, kama dagaa, zipate nguvu.

Mjomba ndiye aliyebeba kipaza sauti. Alikibeba mpaka mwaka alipolima shamba lake la kwanza.

Hapa nisikilize vizuri. Sisi hulima matuta ya mviringo: unakata nyasi, unazikusanya, unazifunika kwa udongo wakati bado una unyevu, zioze ndani yake. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na mtu mmoja haiwezi kabla udongo haujakauka. Ndiyo maana tangu zamani Mfipa huwaita majirani, nao huja na majembe, na mwenye shamba huwapa pombe ya ulezi. Siyo malipo hasa. Ni heshima. Bila pombe, watu watakuambia wana mgonjwa.

Mjomba alitaka kuoa, na baba wa binti alitaka kuona shamba kwanza. Kusanyiko lilikataza pombe: kunywa, kupika na kuwapa wengine. Bibi akamshauri awape watu togwa, isiyolevya. Akapika togwa, akaita watu, wakaja wazee wetu na watoto, wakalima asubuhi moja, wakachoka. Jirani yetu aliangalia matuta yale machache, akasema juu ya ukuta, "Mwanangu, togwa inamlimisha nani? Lete ulezi huo nikupikie mimi. Dhambi itakuwa ya Mkatoliki." Akacheka. Mjomba akacheka pia, halafu akampelekea ulezi.

Shamba lililimwa kwa siku chache, kwa nyimbo. Mjomba hakuonja hata tone. Aliposimama mbele ya wazee alisema hivyo hivyo: hakunywa, ila alitoa, na asingeweza kusema anajuta huku shamba limelimika. Mzee mkubwa wa kusanyiko, fundi seremala, mtu mpole aliyetutengenezea sisi watoto vigari vya mbao, alisoma andiko linalokataza kula pamoja na ndugu aliyeasi. Akasema mjomba ametengwa mpaka atubu. Akasema kutengwa ni dawa, na dawa hiyo haifanyi kazi kama nyumbani anaendelea kuketi sinia moja na watu wake. Wakati anasema hivyo alikuwa akimtazama bibi.

Bibi alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa wa kusanyiko lile. Aliamini alichoambiwa kama alivyoamini kwamba mvua itarudi. Jioni ile alichukua sahani ya bati ya bluu, akampakulia mjomba peke yake, tena akampakulia vizuri kuliko sisi, akaiweka kando ya mlango. Mjomba alikuja akanawa, akainama kukaa nasi, akaiona. Akaichukua. Alikwenda akakaa kizingitini, mgongo kwetu.

Sisi watoto tulidhani ni mchezo mpya. Binamu yangu mdogo alisema, "Nani huyo mlangoni?" na hakuna aliyecheka.

Iliendelea hivyo kwa muda mrefu. Bibi alimpakulia, alimfulia, alimwombea kwa sauti akimtaja jina, lakini hakula naye. Jirani yetu aliyaona yote. Siku moja aliacha utani wake, akauliza, "Mama, huyu si ulimnyonyesha?" Bibi akamjibu, "Ndiyo maana nataka apone." Mchumba akaolewa kwingine, maana nani atampa binti mtu ambaye mama yake hali naye? Na asubuhi moja tukakuta sahani ya bluu imeoshwa, imefunikwa juu ya kichanja cha vyombo, na mjomba ameshuka bondeni.

Tangu hapo bibi hakukosa safari ya kiangazi. Mimi nilikwenda naye, nimebeba birika. Tulishuka Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaotazama bonde, tangu alfajiri, tumejifunika vitenge viwili viwili, na kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyovivua, mpaka chini kabisa ambako jua linachoma na hewa inanuka matope na samaki. Kikapu cha bibi kilikuwa na unga, maharage, na chini kabisa ile sahani.

Mnadani, ndiko tulikohubiri, tulisimama karibu na ng'ombe. Wafugaji waliotoka kaskazini walikuwa wengi, wamevaa kofia na kushika fimbo, na mmoja wao alitutafsiria kwa Kisukuma. Bibi ndiye aliyeanzisha nyimbo. Zamani aliimba kwa sauti ya chini, lakini kule bondeni aliipandisha mpaka ikavunjika. Mzee seremala alimwambia, "Dada, tunza sauti, bado siku nyingi." Hakuitunza. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa alikuwa akimwimbia nani.

Kiangazi kimoja, Milepa, mjomba akaja.

Alisimama nyuma ya wafugaji mpaka mzee alipomaliza kuomba. Alikuwa mweusi zaidi, amekonda, ana mtungo wa kambale begani. Akasema, "Shikamoo mama." Bibi akasema, "Marahaba, baba," akamshika mikono yote miwili, akavitazama viganja kama mtu anayesoma. Mimi akanivuta sikio akauliza kama siku hizi bado nageuka mlangoni. Kisha akaweka kambale wale miguuni mwa akina mama, akasema ni kwa ajili ya wageni.

Tuliwapika. Kambale wabichi na nyanya, harufu yake watu wa juu hatukuizoea, na wote walisifu. Masinia yakatandazwa mkekani, watu wakazunguka. Na bibi akafungua kikapu, akatoa sahani ya bluu, akapakua.

Mjomba aliiangalia. "Mama, hata huku?"

"Jumapili wazee wanakaa," bibi akasema haraka haraka. "Nimeshasema nao. Uje, usimame, useme neno moja tu. Jumapili utakula nami."

"Neno gani?"

"Unalijua, mwanangu."

Mjomba akawatazama watu mkekani, vidole vyao vinang'aa mchuzi. "Samaki nimevua mimi," akasema. "Huyo mnamla."

Mzee seremala alikuwa na mfupa mkononi, na nilimwona akiuweka chini polepole. Mjomba aliipokea sahani kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefunzwa adabu, akala amesimama, akaisuuza kwa maji ya birika langu, akamrudishia mama yake. Akasema, "Asante kwa chakula." Akasema pia kwamba Jumapili ataona.

Jumapili bibi aliweka mtandio wake mahali pa kukaa, pembeni yake, asikae mtu mwingine. Tuliimba, tulimega mkate, kikombe kilizunguka, na mtandio ukabaki pale. Kesho yake tukapanda mlima kurudi nyumbani.

Habari ya kifo chake ilitufikia masika, ikiwa imechelewa. Homa. Wafugaji aliokuwa akiishi kwao walikuwa wamekwisha kumzika. Bibi alishuka kwenye mvua, nami nyuma yake, njia imekuwa mto. Mama wa boma la wafugaji hao alitupokea vizuri, akatuonyesha kaburi, akatutandikia ngozi tukae. Alijaribu kutufariji, na kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno akamsifu mjomba: kwamba alikuwa na bidii, kwamba watoto walimpenda. "Ila chakula," akasema akitabasamu, "ukimpa sahani yake peke yake, hali. Anaimimina kwenye sinia la watoto, anakaa nao. Alikuwa anawaibia mboga, huyo."

Bibi aliinama. Sijasikia tena mtu akilia vile, kwa kuvuta pumzi tu, bila sauti, kama vile sauti yote ilikwisha mnadani.

Hakuliacha kusanyiko. Watu huniuliza kwa nini. Yale ndiyo yalikuwa maisha yake, na wale ndio waliokuwa ndugu zake. Lakini tangu mwaka ule, kila mara mtu alipotengwa, bibi alijipakulia chakula chake kwenye sahani ya bluu, akatembea mpaka kwa mtu yule, akakaa naye kizingitini, wakala mle mle. Alifanya hivyo mchana, watu wakiona. Mzee seremala alipita siku moja, akawaona. Alisimama kidogo, akavua kofia, akaendelea na njia yake. Kwenye kusanyiko halikusemwa neno.

Wote wamekwisha lala. Seremala, jirani yetu mtani, bibi mwenyewe. Ile nyumba ya matofali mabichi ilinyeshewa ikarudi kuwa udongo, na pale sasa kuna kichuguu na mahindi ya mtu. Sharti la kubeba unga limesahaulika, na vijana hawaamini kwamba tulishuka Lyamba kwa miguu. Mengine siyasikitikii, miguu iliuma. Lakini nilipokaa Muze na kile kiboksi mapajani, nikiwatazama watu wa mkate mmoja wakila kila mmoja mgongo kwa mwenzake, niliona kwamba sasa hakuna haja ya wazee kumtenga mtu. Tumekwisha jipakulia wenyewe.

Nikainuka. Yule kijana mgawaji alikuwa ameketi peke yake nyuma ya masufuria, hajala bado. Nikakaa karibu naye, nikafungua kiboksi changu katikati yetu. Alishangaa, akasema, "Mama, changu kipo." Nikamwambia najua. Tukala.

Nawe kama una mtu wa nyumbani unayemsubiri aseme neno fulani kwanza, leo jioni usimsubiri. Pakua chakula kwenye sinia moja, mwite, mpishe akae, anawe, ale. Hilo neno mtalizungumza sinia likiwa tupu.