Glavu za Akiba

Mama Zipu hakuzaliwa na jina hilo. Alipachikwa na wapanda mlima, kwa sababu haikuwahi kutokea zipu ikamshinda. Walishuka kutoka kwenye theluji na mahema yaliyochanika, makoti yaliyotokwa manyoya na mifuko ya kulalia inayonuka jasho na supu, wakamrundikia mlangoni. Naye aliwapokea wote kwa uso uleule: "Weka hapo. Na soksi zako toa humo, mimi si dobi."

Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama mlima. Vyerehani vyake viwili alivigeuza vikaupa mlima mgongo. Ulimlisha, hilo halina ubishi, lakini mtu halazimiki kumpenda kila anayemlisha. Cherehani cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha mdogo wake, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki, akamfundisha kushika sindano kabla hajajua kushika kalamu. Mwanafunzi akamzidi mwalimu. Matundu ya vifungo aliyashona kwa mkono, na wateja wakorofi waliyageuza ndani nje wakitafuta kasoro, wasiione. Alipokwisha kuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, akaanza kupanda mlima kila msimu kama msaidizi wa shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa Mama Zipu, alikuwa mwongozaji wa wapanda mlima, na mji mzima ulimwita Kilele. Alikuwa amefika juu mara nyingi kuliko wenzake wote, na aliyesahau alikumbushwa na mwenyewe.

Waongozaji wa mji ule walikuwa na desturi moja nzuri, na niiseme mapema, maana mazuri yao yanaishia hapo. Kila kundi lililofungana kamba moja lilikuwa na begi la wote. Ndani mna chupa ya chai ya moto, dawa, taa na glavu za akiba, pea moja nene. Begi hubebwa na kiongozi, lakini si lake. Kilichomo ni cha yule aliyepungukiwa kuliko wote siku hiyo, awe mgeni, awe mpagazi. Glavu za kundi la Kilele alizishona Mama Zipu mwenyewe, kwa uzi wa njano, ili zikianguka kwenye theluji zionekane.

Msimu uliopita mdogo wake alirudi na mikono iliyofungwa bandeji mpaka viwiko. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Hospitali ilimwachia kidole gumba tu mkono wa kulia, na viwili vya pembeni mkono wa kushoto. Kilele alieleza kwamba shemeji yake alivua glavu ili amkaze mgeni meno ya chuma ya viatu, upepo ukazichukua. "Nikatoa zile za akiba nimpe," alisema, "nazo zikapeperuka mkononi mwangu." Machozi yakamlengalenga. Mgonjwa aliitikia kwa kichwa.

Mama Zipu aliamini. Alimlisha mdogo wake kwa kijiko, akamfunga vifungo vya shati, kisha akaenda kumfariji mumewe asijilaumu. Alimfariji sana. Baadaye kila alipoyakumbuka maneno yake matamu ya siku zile, ulimi wake mwenyewe ulimtia kinyaa.

Maana msimu mpya ulipokaribia, aliingia mgeni mmoja, mwanamume mchangamfu, mkononi ana koti lililokufa zipu. Aliposikia kwamba fundi ndiye mke wa Kilele, uso ulimng'aa.

"Mama, mume wako ni mtu wa ajabu," alisema. "Mwaka jana mimi nilishakata tamaa. Vidole vinauma, glavu zangu nyembamba. Akafungua begi, akanivalisha zile nene. Akaniambia twende, kilele kile pale. Bila yeye nisingefika."

Mama Zipu aliliweka koti chini. "Akakuvalisha mlipokuwa wapi?"

"Pale mwambani. Yule msaidizi alikuwa amekaa, kaficha mikono kwapani. Tukamwambia tunarudi sasa hivi." Alitoa simu akaonyesha picha. Alikuwa amesimama juu ya dunia, mikono hewani, na uzi wa njano ulionekana kila mshono. "Ila tulichelewa kidogo, kwa ajili ya picha. Hivi yule bwana anaendeleaje?"

"Huyo hapo nyuma yako."

Mgeni aligeuka huku anatabasamu, akanyoosha mkono wa salamu, akaona anachotaka kusalimia, akaurudisha mfukoni. Mdogo wake Mama Zipu hakuinua macho. Aliendelea kukanyaga cherehani, kitambaa akikisukuma kwa kifundo cha mkono, na sindano haikuwa na uzi.

Mgeni alipoondoka, dada mtu alisogeza kigoda. "Ulimwona akimvalisha?"

"Nilimwona."

"Na mimi ukaninyima ukweli mwaka mzima?"

"Ni mume wako, dada."

Yalimwingia moyoni maneno hayo. Aliona kwamba mdogo wake amemeza uchungu peke yake ili nyumba ya dada isivunjike, akasema moyoni kwamba basi, sasa ni zamu yake.

Mchana alimwandalia Kilele chakula na akamweleza aliyoyasikia. Kilele hakukana. Aliendelea kula, vidole vyote kumi vikipata kazi, akavilamba kimoja kimoja kabla ya kujibu.

"Mgeni akifika juu, kundi zima limefika. Hivyo ndivyo timu inavyofanya kazi. Mimi nilifikiria timu."

"Na yeye hakuwa timu?"

"Yeye alikuwa amekaa."

Mama Zipu alimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, kama anayetazama unywele kwenye uji. Kilele alinawa, akamwomba kwa upole asimvurugie mambo, maana kesho kuna mkutano wa kumchagua mkuu wa waongozaji wote. Mkuu ndiye hupanga nani abebe begi la wote, nani apande na nani aachwe mwambani. Yeye ndiye aliyekuwa amependekezwa, hana mpinzani.

Hapo Mama Zipu hakuhitaji kufikiri tena. Akinyamaza, msimu huu atakaa mwambani mdogo wa mtu mwingine. Akisema, ndoa ndiyo itakayokwisha. Alimwuliza mdogo wake kama atakuja mkutanoni, akajibiwa, "Nitakuja."

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa chama, mabenchi marefu, na ukutani wameandika Umoja ni Nguvu kwa herufi za kumtisha mtoto. Mwenyekiti, mwongozaji mstaafu mwenye sauti ya taratibu, aliuliza kama kuna mwenye neno. Mama Zipu alisimama. Alisema yote, hatua kwa hatua: begi, glavu, mwamba, picha. Alimtaja mumewe mbele yake. Alipomaliza alisubiri wang'ake.

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine alijikuna shingo. Kilele alikuwa anaangalia kucha zake.

"Mama Zipu," mwenyekiti alisema, "umemwaga mtama penye kuku wengi, lakini kuku wenyewe walishashiba. Hayo tunayajua tangu siku waliposhuka."

"Mnayajua?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Kilele anatuletea wageni, wageni wanatuletea kazi. Sisi ni timu, mama. Tunasitiriana."

Aliwatazama mmoja mmoja. Hao ndio waliomletea mdogo wake matunda hospitalini. Hao ndio waliomshika yeye bega na kusema kazi ya Mungu. Walikuwa wanajua wakati huohuo, na matunda wakaleta. Hata kama ni unafiki, unafiki nao una kiasi chake, na hawa walikuwa wameuzidisha mpaka ukatoa harufu.

"Wanaomkubali wanyooshe mikono," mwenyekiti alisema.

Mikono ilipanda benchi baada ya benchi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, ulipanda mmoja wenye kidole gumba peke yake.

Mama Zipu alipata nguvu upya. "Mpeni nafasi," alisema kwa sauti. "Mdogo wangu anataka kusema."

"Hataki kusema, mama," mwenyekiti alimjibu. "Anapiga kura."

Alitembea mpaka benchi la nyuma. Hakuna aliyemzuia. Mdogo wake hakuushusha mkono, ila aliangalia pembeni.

"Amenipa stoo ya vifaa, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Aliniahidi tangu hospitalini. Ni kukaa ndani tu, hakuna baridi. Na mimi nina tumbo."

"Kumbe hukuninyima ukweli kwa ajili yangu."

Mbele, mwenyekiti alitangaza kwamba imepita kwa kauli moja, na Kilele akasimama kuinamisha kichwa. Ukumbi wote ulipiga makofi. Mdogo wake naye alileta mikono pamoja akapiga, nyama kwa nyama, bila sauti, na dada yake alisimama mbele yake akimtazama mpaka alipomaliza.