Kifurushi Nilicholazimisha

Siku niliyoripoti kazini, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta hakunionyesha kompyuta. Alinifungulia kabati la disketi, akaniambia nisome vibandiko vyake vyote mpaka adhuhuri. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka arobaini na ushee, mpiga chapa wa siku nyingi. Mradi wa visima niliokuwa nikiufanyia kazi pale Mtwara mjini ulinihamishia kitengo hicho kipya kwa sababu tu nilijua kuchapa bila kuangalia vidole.

"Bi Salma, umeona nini?" aliniuliza nilipomaliza.

"Majina na namba, mzee."

"Hizo namba ndizo kazi yako. Majina kila mtu anayajua."

Namba zile zilikuwa za matoleo. Programu haibebi kila kitu chake. Ikitaka kusoma tarakimu, kuchora mstari au kupeleka karatasi kwenye printa, huazima kwenye maktaba, yaani fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. Sisi tulizifunga programu katika vifurushi, ili mfumo endeshi uziweke na kuziondoa bila kuacha takataka. Kila kifurushi kilikuwa na orodha ya mategemeo yake: nataka maktaba fulani, toleo fulani. Ukibadilisha maktaba kwa ajili ya programu moja, huenda nyingine ikayumba.

Siku hizi mashine hujitafutia mategemeo yenyewe kwenye mtandao. Sisi tulingoja sidii, yaani diski za programu, kutoka Dar es Salaam, na wakati wa masika basi likikwama kabla ya Rufiji, sidii nayo ilikwama humo humo. Niliwahi kungoja maktaba moja kwa wiki tano, ilipofika ikawa si toleo nililoagiza. Nilikaa kwenye kiti nikaiangalia tu. Kazi ile ilichosha hivyo, bila kutokwa na jasho.

Nilikuwa na miaka kama sita kitengoni tulipoletewa programu mpya ya kuchora ramani. Ilitaka toleo jipya la maktaba ya kusoma tarakimu. Programu yetu ya zamani, tuliyoiita Daftari la Visima, iliyotunza vipimo vya maji ambavyo wahandisi walivitegemea, ilitaka toleo la zamani la maktaba hiyo hiyo. Njia ya haki ilikuwa kuliunda upya Daftari, kulijaribu, kisha kulifungia kifurushi kipya. Hiyo ni kazi ya wiki mbili. Mkuu wa Kitengo alikuwa likizo kwao Newala, na Meneja wa Mradi alikuja kusimama mlangoni kwangu.

"Wafadhili wanafika Jumatatu. Nataka ramani ukutani."

"Mfumo unakataa, Meneja. Unasema Daftari litaharibika."

"Limeshaharibika?"

"Bado."

"Basi weka. La kuharibika tutalitengeneza."

Kuna amri ya kulazimisha, na kila mfungaji wa vifurushi anaijua. Unauambia mfumo: nimesikia onyo lako, endelea. Niliiandika. Nikafungua Daftari, likafunguka vizuri, majina ya vijiji yote yapo. Nilifurahi, sitaficha. Jumatatu ramani zilikuwa ukutani.

Ikapita miezi minne. Siku moja asubuhi aliingia ofisini mwanamke mtu mzima, kajifunga kanga mbili, mkononi ana chupa ya maji. Alijitambulisha kuwa Bi Zuhura, mwenyekiti wa kamati ya kisima katika kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma. Alikuwa amekwisha pita masijala na kwa wahandisi, na kila mahali wamemwambia kompyuta imesema. Kwa hiyo alikuwa ameuliza hiyo kompyuta inakaa chumba gani.

"Nyie mmekuja kutung'olea mpini wa pampu, mkasema maji yetu ya chumvi," alisema. "Hebu onja, mwanangu."

Nilikunywa. Yalikuwa maji baridi, matamu kabisa.

Nilimpa kiti, nikafungua Daftari. Kisima chake kilionyesha chumvi kumi na mbili, mbali sana juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Nikaenda kutafuta fomu ya mpimaji kwenye jalada. Palikuwa na moja, mkato, mbili. Waliotuandikia Daftari walitoka nchi ambako sehemu ya kumi hutengwa kwa mkato, na visima vya pwani, vilivyoingizwa mwanzo kabisa, viliandikwa hivyo. Vya bara viliingizwa baadaye, kwa nukta. Maktaba ya zamani ilizielewa alama zote mbili. Hii mpya iliuona mkato kuwa wa kutenganisha maelfu, ikautupa. Moja nukta mbili ikawa kumi na mbili. Na kwa kuwa ni visima vya karibu na bahari, hakuna aliyeshangaa kusikia vina chumvi.

Mkuu wa Kitengo nilimweleza siku hiyo hiyo.

"Mfumo ulipokukatalia, ulikwambia sababu?"

"Uliniambia."

"Ukaisoma?"

"Niliisoma, mzee."

"Mpini utarudishwa kesho, na visima vingine vya pwani vitakaguliwa upya. Utakwenda na mafundi, ukaseme mwenyewe."

Meneja yeye aliandika kwenye ripoti kwamba ilikuwa hitilafu ya mitambo. Nilimwomba aandike jina langu. Akasema wafadhili hawahitaji majina.

Kule kijijini ndiko nilikojua kilichotokea. Kisima kilipofungwa, wanawake walirudi kuchota mtoni. Asha, mkwe wa Bi Zuhura, alikamatwa na mamba akiwa anainamia ndoo. Walimvuta wenzake akapona, lakini mguu wa kulia haukukunjika tena. Alikuwa amekaa kwenye jamvi barazani, mguu kaunyoosha. Niliwaeleza watu wote kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Nilipomaliza, yeye ndiye aliyeuliza.

"Hiyo mashine ilikukataza?"

"Ilinikataza."

"Ukafanya?"

"Nikafanya."

Alinitazama. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. "Haya," alisema. "Ndoo yangu ile pale. Mimi siwezi kubeba tena."

Nilipiga pampu, nikajitwisha ndoo, nikayamimina maji kwenye mtungi wake. Nikarudi mara ya pili na ya tatu mpaka ukajaa. Hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia. Asha hakunishukuru, na sikuwa nastahili shukrani.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine minane, chini ya mameneja wengine wawili. Sikuwahi kulazimisha kifurushi tena. Wote waliniona mzito. Kila walipouliza "Tayari?" nilijibu "Bado", na neno hilo ukilisema kila siku linakumaliza. Watu hawamwoni anayezuia jambo lisitokee. Wanamwona anayechelewesha tu.

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na vitenge. Meneja wa mwisho, ambaye hakuwapo wakati ule, alisimama akawaambia vijana kwamba Bi Salma, kwa miaka yote aliyokaa kitengoni, hajawahi kuharibu kitu. Watu wakapiga makofi. Nilipaswa kusimama nikanushe. Maneno nilikuwa nayo, nilikwisha yasema mara moja mbele ya kijiji kizima. Lakini nilikuwa nimechoka, soda ilikuwa ya baridi, na viti vya mbele vilikuwa vimejaa wageni. Nikapiga makofi pamoja nao.