Mwendo wa Babu

Juzi mjukuu wangu aliniita nikaitazame kazi yake. Anasomea kutengeneza katuni, na kwenye kompyuta yake kulikuwa na mzee mwenye fimbo anatembea barabarani. Nikamwambia, "Huyu mzee wako hana uzito. Anaelea." Akanigeukia kwa mshangao. "Bibi, haya umeyajulia wapi?" Nikacheka tu, nikamwomba anitilie chai. Lakini wewe nitakuhadithia, maana hutanikatiza.

Nilizaliwa Temeke, enzi za Mwingereza, wakati Temeke ni minazi na mihogo na nyumba za udongo, na njia zote ni mchanga. Nyumba yetu ilikuwa na ukumbi katikati na ua nyuma. Chumba kimoja walikaa bibi na babu, kingine mama na mie, na cha mbele alipanga mwalimu kutoka bara, Mkristo, mtu mpole, ambaye matamshi yake tuliyaigiza akishatupa mgongo. Asubuhi ua ulinukia vitumbua vya mama na moshi wa vifuu. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kusugua masufuria kwa majivu.

Babu aliniita "mke wangu", na bibi akaniita "mke mwenzangu", kama ilivyo ada yetu watu wa pwani. Ujanani babu alipakua meli bandarini, gunia likamwangukia mguuni, na tangu hapo akawa anachechemea. Kila alasiri alirudi na kikapu kutoka sokoni, makubadhi yake yakitangulia kutupa habari: pa, kwaru; pa, kwaru. Bibi akiyasikia huinuka mkekani kabla hajamwona mwenyewe.

Masika moja babu akaugua homa. Haikumchukua siku nyingi, akafariki. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Bibi akaingia chumbani kukaa eda, akawa hasemi ila salamu na sala, na uji aliopelekewa na mama ukarudi kama ulivyokwenda. Kulia hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama kuliko yote.

Siku hizo ndipo gari la sinema la serikali lilipokuja uwanjani. Wakafunga shuka jeupe kati ya minazi miwili, tukaketi mchangani. Yalikuwa mambo ya afya, na katikati akatokea mbu wa kuchorwa, mkubwa kama mbuzi, akaruka. Wanawake wakajifunika kanga, vicheko vikapasuka. Mie sikucheka. Nilikuwa najiuliza: mchoro unarukaje?

Kesho yake nikambishia mwalimu hodi.

"Shikamoo, mwalimu. Yule mbu wa jana alichorwa?"

"Marahaba. Alichorwa, tena mara nyingi."

Akachukua karatasi kuukuu, akazikata vipande vidogo, akachora mpira juu ya kila kimoja, kila mpira chini kidogo ya mwenziwe, kisha juu kidogo. Akavibana pamoja, akaviachia kwa kidole gumba. Mpira ukadunda!

"Picha haitembei, binti," akaniambia. "Ila jicho ni zito kusahau. Kabla halijaisahau ya kwanza, ya pili imeshafika."

Neno hilo likaniingia moyoni, na papo hapo nikamfikiria babu.

Nikaomba karatasi, nikamchora akitembea. Nilipozifyatua akarukaruka palepale kama chura. Nikachora upya. Safari hii miguu ilikwenda, lakini alikuwa mzee yeyote wa mtaani. Mwalimu akatazama, akasema, "Umechora miguu. Mtu hutembea na mwili mzima. Nenda ukamtazame mwenyewe anayetembea." Akakumbuka, akainamisha macho. Wa kutazamwa alikuwa kaburini.

Nikamwendea jirani yetu muuza kahawa, mwenziwe babu wa bao tangu ujana. Nikamweleza. Akaweka birika lake chini, akanifuata uani kwetu. Makubadhi ya babu yalikuwa bado ukumbini. Akayavaa.

"Alikuwa hivi," akasema, akaanza kutembea kutoka mlango wa ua mpaka jikoni. Ndipo nikaona. Bega la kushoto lilishuka kwanza, kabla ya mguu. Kichwa kikainama kama anayemwamkia mtu. Mwisho kabisa mguu mbovu ukaburutwa kuja.

"Rudia, mzee wangu," nikamwomba, nikichora harakaharaka. Akarudia. Pa, kwaru, pa, kwaru.

Sauti ya bibi ikatoka dirishani: "Umerudi?"

Jirani akaganda, mguu mmoja juu. Mama akaacha mchi kinuni. Kisha tukamsikia bibi akilia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mama akanijia juu. "Unamchora marehemu? Kwenye chuo cha Kurani hamkufundishwa? Anayechora kiumbe, siku ya kiyama ataambiwa akitie roho! Utaweza wewe?"

Jirani akavua makubadhi, akaomba radhi, akaondoka akijifuta macho kwa pindo la kanzu. Mie nikangoja fimbo. Lakini bibi akaniita.

"Mke mwenzangu, njoo. Mlikuwa mkifanya nini?"

Nikamweleza yote, nikampa karatasi. Akazitazama moja moja karibu na dirisha.

"Uso usimchore," akasema. "Uso wake ninao mimi. Nichoree mwendo." Akamgeukia mama mlangoni. "Na wewe mwache mtoto. Kisicho uso hakina roho ya kudaiwa."

Basi nikaketi naye chumbani, mchana baada ya mchana. Alikuwa mkali! "Mbona kikapu kinapepea? Kina mihogo hicho, kinamvuta mkono." Au: "Mbona mbio hivyo? Babu yako alikimbizwa na nani?" Nikajifunza kwamba ukitaka mtu aende polepole, unaongeza picha katikati, na kwamba uzito hauko kwenye mchoro huu wala ule, uko katika kutofautiana kwao. Karatasi zilipotimia bibi akazishona ubavuni kwa sindano, akazifyatua. Babu akaja. Bibi mwenyewe akamtilia sauti kwa mdomo: pa, kwaru. Akafyatua tena, na tena. Halafu akaniuliza:

"Mbona hafiki?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kila alipokaribia, karatasi ziliisha.

"Kila nikilala namwona yuko njiani," akasema. "Hafiki. Na wewe humfikishi?"

Nikarudi kuchora. Kikapu kinashuka. Babu anageuka, anashika goti, anaketi barazani, bega linatulia. Kule kuketi kulinitesa kuliko kutembea kote. Nilimkalisha na kumwinua mwalimu wa watu mpaka akalalamika mgongo.

Bibi alipoyaona yale, alishusha pumzi ndefu. "Haya, baba," akasema taratibu. "Kaa. Pumzika." Jioni ile aliomba chai na kitumbua, na mama akakimbilia jikoni asionekane machozi.

Eda ilipokwisha bibi akaoga, akatoka uani, akazitia karatasi zote motoni chini ya chungu. Nikapiga kelele, nikataka kuzichomoa. Akanishika mkono.

"Ameshafika, mke mwenzangu. Aliyefika haitwi tena."

Nililia sana. Wali uliivia moto ule, nami nikaula, nikilia na kula. Miaka ilipita kabla sijamwelewa.

Bibi naye alituacha kabla ya uhuru, na uso wa babu akaenda nao. Mwalimu alihamishwa kurudi bara, sikumwona tena. Palipokuwa na nyumba yetu leo pana ghorofa, chini wanauza vipuri vya magari. Sisemi ya jana yalikuwa bora. Homa ile iliyomchukua babu labda leo ingepata dawa. Ninachokikosa ni mchanga wa njia zile. Siku hizi wageni hutangazwa na simu na honi, na juu ya lami hatua za watu wote zimekuwa sauti moja. Zamani mie nikikuna nazi uani nilijua nani anapita: huyu mkunga, ana haraka, huyu fundi cherehani, kandambili zimemlegea, huyu jirani, leo kahawa yake haijanunuliwa. Na aliyekuwa anakuja kwetu tulimjua, tukamfurahia, kabla hajapiga hodi.